Kijipicha Ndani ya Flashi

Wapendwa, kulikuwa na mhasibu mmoja wa ushirika wa wafugaji, kule Rungwe kwenye baridi na maziwa mengi. Tumwite Tusekile. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta maziwa ya kila mwanachama, ya asubuhi na ya jioni. Na kwa uangalifu, jamani, msimwone hivi hivi! Hakuna lita iliyompita.

Kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, Tusekile alichomeka flashi. Pale mbele kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kijipicha kidogo, ukikibofya hesabu zote zinafunguka. Basi alikinakili kile kijipicha, akakiweka ndani ya flashi. Na kwa kuwa si mtu wa kubahatisha, alikibofya tena kikiwa humohumo ndani ya flashi, aone kama kinafunguka. Kinafunguka! Maziwa ya watu wote haya hapa. Anachomoa, anaitundika flashi shingoni kwa kamba, huyo anakwenda mazoezi ya kwaya.

Mwenyekiti akimuuliza, "Binti yangu, kumbukumbu zetu ziko salama?" anajipiga kifua. "Mzee, usiwe na shaka. Hata ofisi ikiungua leo, ushirika wote uko hapa."

Sasa ushirika ukanunua kompyuta mpya, na ile ya zamani wakaamua kuipa zahanati ya kanisa. Fundi alipokuja kuichukua akauliza swali ambalo mafundi wote huuliza.

"Dada, nikifika kule nafuta kila kitu, niwawekee programu yao ya wagonjwa. Una nakala?"

Tusekile akacheka mpaka akashika kiti. "Fundi, wewe futa tu. Mimi nilikuwa na nakala hata kabla hujaanza huo ufundi wako!"

Haya. Fundi akafunga mashine kwenye pikipiki, akaondoka. Kesho yake ni mkutano mkuu. Wafugaji watashuka kutoka milimani, kila mmoja asomewe maziwa aliyoleta mwaka mzima. Vikaratasi vya zamani walishaacha kuvitunza, maana wanamwamini Tusekile na kompyuta yake. Basi siku ileile, ili kujiandaa, Tusekile anakaa mbele ya mashine mpya, anachomeka flashi, anabofya. Mashine ikamjibu: faili halionekani.

Akabofya tena. Halionekani. Akaipuliza flashi, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaichomeka upande mwingine. Wapi! Ndipo akasoma yale maandishi taratibu, akaona kwamba kijipicha chake kinatafuta folda iliyomo ndani ya kompyuta ya zamani.

Mnaelewa kilichotokea? Kile kijipicha hakikuwa hesabu. Kilikuwa kinaonyesha tu hesabu ziko wapi. Ni sawa na mtu aliyeona kibao barabarani kimeandikwa "Sokoni", akaking'oa, akakipeleka nyumbani, akabandika sufuria jikoni akisubiri kupika. Lakini mbona kila Ijumaa kilifunguka? Kwa sababu kila Ijumaa alikijaribu kwenye mashine ileile yenye hesabu! Hakuwahi hata mara moja kukijaribu mahali pengine.

Anampigia fundi simu: hapatikani. Tusekile akadandia bodaboda bila hata kuuliza nauli. Njiani anawaza tu yule bibi anayeteremka na ndoo yake kwenye utelezi kila alfajiri. Kesho atamwambia nini? Kwamba maziwa yako, bibi, nimeyafuta mimi? Alilia, na upepo ukamkausha machozi palepale.

Alipofika zahanati, akamkuta fundi kwenye benchi anakunywa chai.

"Fundi! Umeshafuta?"

"Nifute vipi, dada? Sista amenizuia."

Sista mwenyewe, muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole, akatokea mlangoni. "Karibu, mwanangu. Hapa kwetu kitu kipya hakiwashwi kabla hakijaombewa. Mchungaji yuko msibani, tunamsubiri."

Tusekile akamkumbatia. "Ndaga, Sista, ndaga! Asante! Sasa naomba tuiwashe kidogo tu, nichukue hesabu za watu."

"Hapana. Si nimesema haiwashwi?" Kisha Sista akamtazama. "Lakini si lazima awe mchungaji. Wewe si mwanakwaya? Omba wewe."

Fundi akaweka kikombe chini. Sista akainamisha kichwa. Tusekile akafumba macho, akafungua kinywa.

Akatafuta neno la kuanzia, hakuliona. Nyumbani anaomba mama. Kwenye kwaya anaomba mwalimu. Ofisini anaomba mwenyekiti, tena huwa anaomba mno. Yeye zamu yake ni kusema amina, na kwa amina hana mpinzani. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Fundi akafungua jicho moja kuchungulia kama wameshamaliza.

Mwisho akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mungu, ni mimi Tusekile. Nilijivuna. Humu ndani mna jasho la watu, naomba nilikute. Basi. Amina."

"Amina," akasema Sista.

Mashine ikawashwa. Fundi akafungua folda ndani ya folda, na faili lilikuwepo, zima. Safari hii Tusekile alinakili faili lenyewe, akarudi ofisini, akalifungua kwenye kompyuta mpya. Maziwa yote yakatokea. Kesho yake wafugaji wakasomewa, wakanywa chai, wakagombana kidogo kama kawaida yao, wakaenda zao nyumbani wanaimba.

Mmecheka sana. Nami nimefurahi mmecheka. Lakini niwaulize: mimi na wewe tumebeba nini shingoni?

Kila Jumapili tunaijaribu imani yetu hapa, na hapa inafunguka vizuri! Itaachaje kufunguka? Ngoma zinapigwa, kwaya inaimba, mama yuko kiti cha mbele analia kwa niaba ya ukoo mzima. Tumeijaribu kwenye mashine ileile. Sasa wewe kijana, ukipata kazi Mtwara usikojua mtu, utabofya, nini kitafunguka? Wewe baba, siku utakayolazwa, na mkeo anayekuombea kila asubuhi ndiye amelala kitanda cha pili, utabofya. Tumejua imani ilipo: iko kwa mama, iko kwa mke, iko kwa mchungaji. Kujua ilipo si kuwa nayo, wapendwa.

Na msiogope kwamba hamjui maneno. Yule dada alikuwa na maneno machache tu, tena ya kukwaruza, na yalifika.

Kwa hiyo leo sifungi kwa sala yangu. Inameni, kila mtu amwambie Mungu kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nanyamaza.