Faini ya Mizinga Arobaini

Mbaruku mfuga nyuki alikuwa mpole, tena upole wa kuogopwa. Siku moja Bwana Shekalaghe, ofisa wa kodi, alisimamisha gari kando ya shamba lake, akateremsha kioo nusu.

"Mwaka jana tulikukadiria mizinga kumi na miwili. Kumbe ipo arobaini! Narekebisha makadirio, na faini juu yake ni mara mbili ya kodi."

"Haki kabisa, mheshimiwa. Ila faini hiyo anaibeba nani hasa?"

"Aliyetoa idadi ya uongo! Sheria ni msumeno."

"Basi niandikie hivyohivyo, nisije nikasahau."

Ofisa akaandika, akagonga muhuri. Mbaruku akaitia karatasi kifuani, akatoa nyingine ya mwaka jana, akasoma kwa sauti: "'Mimi, Shekalaghe, nimeingia shambani nikahesabu mizinga mwenyewe, mmoja mmoja. Ni kumi na miwili.'" Akainua macho. "Na siku ile, mheshimiwa, kwa kuogopa nyuki hukushuka hata garini. Faini utailipa hapa, au nimpelekee mkubwa wako karatasi zote mbili?"

Shekalaghe akaitazama mizinga yote arobaini.

"Kumi na miwili," akasema, akapandisha kioo.