Simba wa Mwisho wa Endasiku

Simba akibaki mmoja halindwi, husindikizwa. Mliposikia maneno hayo sokoni mlicheka. Chanzo chake hakichekeshi. Yalianza hivi.

Bonde la Endasiku lilikuwa limebakiwa na simba watano: dume, majike wawili na watoto wawili. Gidamis, ambaye ujanani aliwahi kuua simba na kuimbiwa kama shujaa, ndiye aliyechaguliwa na kijiji awalinde. Alizijua nyayo zao kama alivyojua ng'ombe wake. Pia aliwasaidia wafugaji kuzungushia maboma yao miiba, mifugo isiliwe.

Siku moja mjane Udakuna alimwendea.

"Baba, boma langu limebomoka upande wa mtoni. Nina ndama watatu tu."

"Kesho kutwa nitakuja, mama."

Kesho kutwa ikapita. Jike mmoja alikuwa amehamisha watoto, na Gidamis akawa anawafuata vichakani, moyo umemjaa furaha. Siku ya sita alipofika kwa Udakuna, alikuta boma tupu.

"Ndama wako wapi?"

"Simba wamewamaliza," mjane akajibu bila kuinua uso. "Mzoga mmoja waliuacha. Nikaupaka dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile sumu ya kupe."

"Mama! Umefanya nini?"

"Nilikuja kwako kwanza, Gidamis."

Alikimbia hadi mtoni. Majike walikuwa wamelala kando ya maji, ndimi nje. Watoto wamejikunja ubavuni mwa mama yao, nzi wameshawatanda. Aliketi pale mpaka jua likageuka.

Dume peke yake hakuula mzoga ule. Hapo ndipo kijiji kikazinduka: kikaweka walinzi kumi, kikaimarisha maboma, kikapiga sumu marufuku. Kila alfajiri dume yule alinguruma, akanyamaza kusikiliza, akanguruma tena. Hakujibiwa. Miaka mitatu Gidamis alimfuata kwa mbali, akimwona anakonda, anachechemea.

"Baba, unamlinda vizuri," mwenyekiti wa kijiji alimsifu.

"Simlindi," Gidamis akasema. "Wa kulindwa walikuwa watano. Huyu namsindikiza."

Mwaka wa nne alfajiri zikawa kimya. Gidamis alimkuta amekufa chini ya jabali, akaanza kumfunika kwa mawe. Udakuna akaja na jiwe lake, akaliweka.

Maboma ya Endasiku ni imara mpaka leo, na hakuna simba wa kuzuiwa. Ndiyo maana wazee husema: simba akibaki mmoja halindwi, husindikizwa.