Sheria ya Kitovu

Mwaka ule mvua haikuja, wala haikutuma salamu. Mto Ngarasha ulikatika ukabaki vidimbwi, vidimbwi vikakauka vikabaki nyufa, na katika mbuga nzima likasalia bwawa moja tu chini ya mwamba. Hadithi hii ni ya wanyama waliokunywa hapo. Atakayejiona ndani yake, shauri lake.

Maji machache huzaa ugomvi mwingi. Tembo walikunywa, wakaoga humo humo. Nyati waliingia na kwato zote nne. Wadogo walipofika zamu yao, walilamba tope. Simba akaitisha baraza. Mfalme huyu hakupenda kazi yoyote inayolowesha miguu, kwa hiyo hakuchelewa kutoa uamuzi.

"Mfalme halindi bwawa," alisema. "Chagueni mlinzi wenu. Kila anayekunywa hapa ataweka kokoto moja mbele ya anayemtaka. Mwenye kokoto nyingi ndiye atakayepanga nani anywe lini."

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Fisi, ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake. Wa pili alikuwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, mama wa vifaranga, mwenye sauti kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.

"Nikichaguliwa," alisema Kanga, "wadogo watakunywa kwanza, maana wanakunywa kidogo. Wakubwa watafuata. Na atakayeiba maji, nitampigia kelele mpaka ajute."

Akakaa. Fisi yeye alihutubia mpaka jua likahama. Aliahidi mvua, akaahidi majani, akaahidi kuacha kula nyama, akacheka mwenyewe. Lakini alipokuwa akicheka alitupa jicho uwanjani, akaona ndege kwa mamia wametua kwenye miti yote, na kobe, na kenge, na mbuni, wote wanamtazama Kanga. Akahesabu kokoto zao kichwani. Siku hiyo Fisi alikosa hamu ya kula, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wake.

Jioni akaenda kwa Simba, akajilaza kifudifudi.

"Mtukufu, nchi imeingiliwa. Wageni wamejaa. Watapiga kura wasiohusika."

"Wageni gani?" Simba aliuliza.

"Hao wanaotua kutoka angani. Unajua walikotoka?"

"Umemwona hata mmoja akipiga kura isiyo yake?"

"Hapana, Mtukufu. Na hapo ndipo penye hatari: ni hodari mno wa kutoonekana."

Simba akakunja uso kama anayefikiri. "Sasa unatakaje?"

"Tukague vitovu. Mwenyeji amezaliwa kwa mama, na kitovu chake kimezikwa katika udongo huu. Kila mtu alale chali, tumbo juu, akaguliwe. Mwenye kovu la kitovu apakwe chokaa kwenye paji la uso, huyo ndiye mpiga kura. Asiye nalo, ni mgeni."

Simba akajitazama tumbo kwa wasiwasi. "Na mimi nitalala chali mbele ya sungura na panya?"

"Hasha! Kitovu cha mfalme hakikaguliwi, Mtukufu. Kinaaminiwa."

"Sawa. Na nani atakayekagua?"

"Kazi hii ni ngumu na haina shukrani. Nitajitolea mwenyewe."

"Lakini wewe ni mgombea."

"Ndiyo maana nitakuwa mwangalifu zaidi."

Simba akaona jibu lina akili. Wakubwa wakishachoka kusikiliza, kila jibu huwa na akili.

Kesho yake foleni ikaanza. Swala alilala chali, akapakwa chokaa. Nguruwe mwitu akalala chali, akacheka akitekenywa, akapakwa. Sungura akalala chali, akapakwa. Ikafika zamu ya Kanga. Fisi akamfunua manyoya hapa na pale kwa ukucha mmoja, huku amefumba jicho kama fundi.

"Natafuta, mama. Sioni."

"Huoni nini?"

"Kitovu. Wewe hukuzaliwa, uliangulwa. Na yai, wananchi, ni kitu cha kutilia shaka. Yai linaweza kutagwa huko likaviringishwa mpaka hapa. Mgeni! Anayefuata!"

Kanga akasimama, madoa yote yakimtetemeka kwa hasira.

"Msimu uliopita nilitaga mayai chini ya kichaka kile pale. Wewe, Fisi, ulikuja ukala nusu yake. Ulipokuwa unayala hukuniuliza yametoka nchi gani!"

Watu wakaangua kicheko. Fisi naye akacheka, maana kicheko ndicho chakula pekee anachogawa bure.

"Mama, hayo ni mambo ya nyumbani. Mimi hapa nipo kazini."

Kobe akaondolewa. Kenge akaondolewa. Mbuni, mrefu kuliko ndege wote, akaambiwa haonekani. Ndege wote wakafagiliwa kama makapi. Fisi, akiona kazi inakwenda, akaongeza neno ambalo hata Simba hakulisikia: asiye na chokaa asikaribie maji mpaka wenye chokaa wote wamekunywa.

Wenye chokaa walikuwa wengi, tena wenye matumbo. Ndege walipoachiwa bwawa, jua limezama na maji yamekuwa uji. Vifaranga vya Kanga vilikuwa vikitembea midomo wazi. Kile kidogo kabisa kikaanza kusinzia mchana, na kifaranga kinachosinzia mchana wa kiangazi, mama yake anajua maana yake.

Kanga akamfuata Sungura.

"Kaka, wewe una chokaa. Nenda kaseme kwa mfalme. Mwanangu hatavuka siku mbili hizi."

"Nikisema sheria ni mbaya, dada, kesho Fisi ataona kasoro kwenye kitovu changu."

"Kwa hiyo unaogopa."

"Naogopa sana. Lakini si hilo. Fisi ukimpinga anakaza miguu. Ukimsukuma mbele, anakimbia mwenyewe. Kesho barazani usinitukane kabla sijamaliza."

"Nitajitahidi," alisema Kanga. Kwake hiyo ilikuwa ahadi nzito.

Kesho yake baraza lilipojaa, Sungura akainama mbele ya Simba, kisha akamgeukia Fisi kwa heshima zote.

"Mjomba Fisi, nimekuja kukupongeza. Sheria yako ni nzuri. Kasoro yake moja tu: imelegea."

Kanga akafungua mdomo. Akakumbuka, akaufunga.

"Imelegea?" Fisi alishtuka. "Imelegea wapi?"

"Kitovu kinaonyesha umezaliwa. Hakionyeshi umezaliwa wapi. Nyumbu wana vitovu vizuri kuliko changu, na kila mwaka tunawaona wakitoka ng'ambo. Ndama wao wanazaliwa njiani, popote miguu ilipochoka."

Mate yakamtoka Fisi. Nyumbu walikuwa na chokaa, na walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja angempa kokoto. Alikuwa amekula watoto wao mno.

"Umesema kweli, mpwa wangu! Tukaze! Kila mtu atuonyeshe pahali alipozaliwa."

"Kuonyesha ni rahisi, mjomba. Hata mimi naweza kuonyesha pango la mfalme nikasema nimezaliwa humo. Nani atathibitisha?"

"Mwenye pahali athibitishe!"

"Mwenye pahali ni nani? Anayelala hapo?"

"Kulala kila mtu analala. Mwenye pahali ni aliyepachimba au aliyepajenga!" Fisi alikuwa sasa anaruka ruka kwa raha. Nyumbu hawachimbi wala hawajengi.

"Na asiyethibitishiwa?"

"Mgeni! Asipige kura, asigombee, na kwenye maji awe wa mwisho kabisa."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa tembo!"

Tembo mmoja akakohoa. Fisi akarekebisha: "Tembo kwa mfano tu."

Simba akanguruma. Alikuwa na njaa na alitaka wamalize. "Nimesikia. Ni sheria. Tuanze na nani?"

"Mtukufu," alisema Sungura, "sheria mpya inatisha. Watu hawajui namna ya kuithibitisha. Ingekuwa vizuri aliyeitunga atuonyeshe mfano, nasi tufuate nyayo zake."

Mtu mwingine angeshtuka. Fisi alivimba. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa watu wafuate nyayo zake, isipokuwa wakimsaka.

"Nifuateni!" alisema.

Baraza zima likamfuata mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichobomolewa ubavu. Chini yake palikuwa na shimo pana, mifupa imetapakaa mlangoni. Fisi akasimama juu ya kifusi kama mwenye jengo.

"Hapa ndipo nilipozaliwa! Mama yangu alizaliwa hapa na bibi yangu vilevile. Wakachimba kwa kucha zao wenyewe, udongo kwa udongo, jasho kwa jasho!"

Sauti yake ilikuwa kubwa, na ardhi ilikuwa kavu. Pembeni ya shimo udongo ukatikisika. Ikatoka pua ndefu, yakafuata masikio kama ya punda, akatoka Muhanga. Wengi hawakuwahi kumwona, maana mnyama huyu hulala mchana na kula mchwa usiku. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi, na hasira ilikuwa imemjaa mpaka mkiani.

"Kelele za nini mlangoni kwa watu? Nyie mlilelewa wapi?"

"Samahani, mzee," alisema Sungura. "Tunauliza shimo hili limechimbwa na nani."

"Sasa kuna wangapi wanaochimba hapa? Nimelichimba mimi, nikitafuta mchwa. Siku hizo mvua ilikuwa inanyesha. Mama wa huyu akaja na mimba yake, analia: 'Mzee, nisitiri usiku mmoja tu.' Nikampisha, nikaenda kutafuta chakula. Asubuhi narudi, nakuta meno mlangoni. Nikahamia hapa pembeni. Sikutaka kesi."

Wanyama wakacheka mpaka nyati wakashikana pembe. Nguruwe mwitu akagaagaa chini, kitovu chote nje. Hakuna kitu kinachomuuma Fisi kama kuchekwa, kwa sababu anaamini kicheko ni mali yake.

"Mwongo!" alifoka. "Simjui huyu! Mtukufu, mtazame usoni: ana chokaa? Hana! Hajajiandikisha, hajakaguliwa, hajulikani! Wageni ndio hawa hawa niliokuwa nikiwaambia! Mtamsikiliza mgeni dhidi ya mwenyeji?"

Muhanga akamtazama kwa muda mrefu, masikio yameanguka.

"Hunijui?"

"Sikujui! Sijawahi kukuona!"

"Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ulizaliwa humu," alisema Muhanga. "Nilikusikia ukilia, ukaninyima usingizi mpaka ukaota meno. Ningekuthibitishia, mimi sina kinyongo. Lakini mtu asiyenijua, na mimi nitamjulia wapi?"

Akageuka. Kucha zake zikafanya kazi, vumbi likaruka, na kabla Fisi hajasema "mzee wangu" Muhanga alikuwa ameshazama ardhini na kujifukia.

"Mzee! Mzee wangu!" Fisi alipiga magoti, akaanza kuparua udongo kwa miguu ya mbele. Alitoa vumbi tu. "Baba! Nilikuwa natania! Njoo useme neno moja!"

Chini hapakutoka neno. Ilitoka sauti ya mtu anayekoroma, na hata waliokuwa mbali waliona kwamba anakoroma kwa makusudi.

Kusema kweli, Sungura alijua tangu mwanzo shimo lile ni la nani, na hofu yake ilikuwa kwamba mzee yule ataona haya na kumthibitisha Fisi. Hakutegemea Fisi amfukuze mwenyewe shahidi wake wa pekee.

"Fisi," aliuliza Simba, "mwenye pahali yuko wapi?"

"Mtukufu, unanijua. Siku zote niko hapa."

"Nilikujua. Lakini kulala kila mtu analala. Ni maneno yako."

"Basi sheria hii ilegezwe kidogo…"

Hapo Kanga hakuweza tena. "Ilegezwe? Mwanangu anakufa kwa sababu ya sheria hii, leo imekugusa mkia ndiyo ilegezwe? Na wewe, Mtukufu, nisamehe, lakini hata wewe ulizaliwa kwenye majani. Majani hayo nani aliyapanda? Tumwite aje athibitishe?"

Watu wote wakatazama chini. Simba akajikuna manyoya ya shingo. Akatazama majani, akamtazama Kanga, akatazama tena majani.

"Sheria hii imefutwa," alisema. Fisi akaruka kwa furaha. "Lakini," Simba aliendelea, "itafutwa kesho. Leo imtumikie aliyeitunga peke yake. Mfuteni chokaa. Anayekunywa hapa ndiye mpiga kura, kama nilivyosema mwanzo, isipokuwa huyu mmoja asiye na kwao."

Nguruwe mwitu ndiye aliyemfuta, kwa matope. Kokoto zikawekwa siku hiyo hiyo. Zilizokuwa mbele ya Kanga zilikuwa kichuguu. Mbele ya Fisi palikuwa na kivuli chake.

Kanga hakuhutubu. Alikimbia majini, akajaza mdomo, akamdondoshea mwanawe tone kwa tone mpaka kile kifaranga kikafumbua jicho moja, kisha la pili, kisha kikaanza kulia kwa sauti ile ile mbaya ya mama yake. Hakuna aliyelalamika. Ndipo akapanda juu ya mwamba, akapanga foleni: vifaranga, panya, ndege, kobe, sungura, swala, nyumbu, nyati, tembo. Nyuma ya mkia wa tembo wa mwisho alisimama Fisi, ulimi nje.

Alipofika majini, giza lilikuwa linaingia na maji yamekuwa mazito. Alimtazama Kanga, akitegemea atafukuzwa, ili angalau apate la kulalamikia.

"Karibu, mgeni," alisema Kanga. "Kwetu mgeni hanyimwi maji. Husubiri tu."

Fisi akainama, akanywa tope lake. Hakupata wa kumhurumia, maana wahenga walishasema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.