Salama Watatu na Mlango Mmoja

Sogeeni, mnaopenda kubishana. Msiopenda, kaeni karibu zaidi, maana leo hata ninyi mtabishana. Mimi nitasimulia tu; kazi ya kuamua nawaachia ninyi.

Katika kijiji cha Mkongoni, kule bonde la Rufiji, ukiita "Salama" penye kisima ndoo zote zilisimama, kwa wingi wa wenye jina hilo. Jina lenyewe lilikuja zamani kutoka kwa Waarabu, likanywa maji ya mto, likawa la watu wa pale. Kila mzazi alilichukua kwa sababu yake. Wako Salama watatu tunaowahitaji leo, na kwa kuwa jina lao ni moja, watu waliwaongezea kingine cha kuwatofautisha.

Wa kwanza ni Salama Debe. Mama yake alizika watoto kabla yake, na huyu alipolia na kuendelea kulia, wakamwita Salama kwa sababu alisalimika. Kipaji chake kilikuwa masikio. Aliweza kukaa shambani kwake, akakwambia nani anakohoa shamba la tatu.

Wa pili ni Salama Upondo. Alizaliwa siku koo mbili zilipomaliza ugomvi wa miaka mingi na kula sahani moja, basi jina lake lilikuwa la amani. Cha ajabu, mwenyewe alikuwa mgomvi kupindukia. Lakini mpe mtumbwi na upondo, ule mti mrefu wa kuusukumia, atakupitisha mahali ambapo kiboko anafikiri mara mbili.

Wa tatu ni Salama Mkunga. Huyu alizaliwa njiani, wazazi wake wakihama. Walipofika Mkongoni na kuulizwa habari za safari, baba yake alijibu "Salama" huku akiwaonyesha mtoto, na hapo hapo jina likapatikana. Mikono ya mwanamke huyu ndiyo iliyowapokea karibu watoto wote wa kijiji.

Sasa njooni kwa Zamda, mke wa Shamte, kwa maana shida yote ilimwangukia yeye.

Zamda alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wake, na alikuwa akiihesabia pumzi. Lakini mpunga hausubiri mtu ajifungue. Msimu wa mavuno watu wa Mkongoni huhamia bondeni na kulala kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mashamba. Asubuhi moja Shamte alivuka kwa mtumbwi kwenda kijijini kutafuta watu wa kumsaidia kumhamisha mkewe. Nyuma yake mvua ikaanza, na mto uliokuwa umeshatulia ukapanda upya. Mtumbwi wa Shamte ukachukuliwa na maji, yeye akabaki ng'ambo akishika kichwa.

Uchungu ukamshika Zamda maji yakiwa yanalamba sakafu ya dungu. Nguzo moja ikaanza kulegea. Alipiga kelele, mvua ikazimeza. Akachukua debe la kufukuzia ndege akaligonga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Na hapo ndipo watu wa bonde walipokosea, kosa la watu wa bonde hasa. Debe kwao ni sauti ya ndege. Mtoto wa kule hulala fofofo debe likigongwa kando ya sikio lake. Basi waliolisikia walisema Zamda anafukuza kwelea, wakaendelea kuokoa mpunga wao.

Salama Debe peke yake aliinua kichwa. Alijiuliza ni kwelea gani hao wanaokula mpunga mvua ikinyesha. Ndege wote walikuwa wamejikunyata kwenye matete. Akaacha mpunga wake uliokwisha kukatwa, mavuno ya nyumba nzima, akaingia kwenye maji yaliyomfika kifuani. Nyuma yake matita yalianza kuelea, naye hakugeuka. Alifika mahali Zamda angeweza kumsikia, akamwita ashikilie nguzo iliyo nzima, anakwenda kuleta mtumbwi.

"Dada, nikipona mtoto huyu nampa jina lako," Zamda alimjibu huku analia.

Mtumbwi wa karibu ulikuwa wa Salama Upondo. Hapa inabidi niwaambie jambo. Salama Upondo na Zamda walikuwa hawasalimiani. Waligombania mpaka wa shamba, wakatoleana maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wakwe zangu. Salama Debe alipomweleza, yule mwanamke aliuliza jambo moja tu: dungu bado limesimama?

Alisukuma mtumbwi katikati ya mkondo, magogo yakipita kushoto na kulia. Alimshusha Zamda kwenye mtumbwi, na dungu likaanguka nyuma yao kwa kishindo. Njiani hakumsema wala hakumpa pole za mdomoni. Alimvulia kanga yake akamfunika, akaendelea kupiga upondo. Karibu na kijiji mtumbwi uligonga kisiki ukapasuka, mtumbwi wa urithi, aliouachiwa na baba yake. Aliuelekeza ufukweni ukiwa unazama, akausukuma kwa mguu hadi ukalala kwenye tope.

Zamda alimshika mkono. Alimwambia kwamba mtoto akiishi ataitwa kwa jina lake, na Salama Upondo akatazama pembeni, kwa sababu alikuwa hajazoea kutendewa wema na mtu aliyemtukana.

Mtoto alizaliwa pale pale kwenye tope la ufukwe, kitovu kimemzunguka shingoni, mwili wa samawati, kimya. Wanawake waliokuwepo walianza kujifunika nyuso. Shamte alikaa chini.

Salama Mkunga alikuwa ndani ya nyumba yake, eda ya marehemu mumewe bado haijaisha. Alijua fika watakavyosema mawifi zake akionekana ufukweni. Aliposikia kilio cha Shamte alitoka vilevile na nguo zake za eda, akapita katikati ya watu, akapiga magoti kwenye tope. Akafungua kitovu, akamsafisha mtoto mdomo, akampulizia pumzi yake mwenyewe. Akamsugua mgongo. Akapuliza tena. Zamda alikuwa akimwomba, hajui hata anasema nini, anarudia tu kwamba mtoto ni wa mkunga, jina ni la mkunga, achukue, ila amrudishie akiwa hai.

Mtoto akalia.

Akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilivuka mto uliofurika, na waliokuwa bado kwenye madungu wakajibu kwa madebe, bonde zima likagongwa. Shamte alicheza mvuani, mtu ambaye hata harusini kwake hakucheza. Na Zamda, aliyekuwa ameingia kwenye mimba mbili na kutoka mikono mitupu, alimweka bintiye kifuani na kucheka hadi akaambiwa apumzike.

Mtoto akaitwa Salama. Hapo hakuna aliyebisha.

Ubishi ulikuja siku ya arobaini. Kwa watu wa Mkongoni, mtoto ana somo mmoja, yule ambaye jina limetoka kwake. Somo ndiye anayempokea mtoto mlangoni siku ya arobaini na kumtoa nje aone jua. Tangu hapo ana haki juu yake: atamfunda akikua, na siku ya harusi atakaa mbele ya shangazi zake wote.

Siku ile ngoma zilikuwa tayari na pilau imeshaiva. Wakatokea Salama watatu, kila mmoja na kanga mpya ya kumbebea mtoto. Wakatazamana.

Salama Debe alisema kwa upole kwamba jina lake ni la kusalimika, na huyu amesalimika kama yeye alivyosalimika. Wote waliliita debe la ndege isipokuwa yeye. Mwaka huu nyumbani kwake wanakula mpunga wa kuombaomba, na hajuti.

Salama Upondo alisema jina lake ni la amani, na wote wanajua alikuwa hasalimiani na mama wa mtoto. "Nilimfuata adui yangu nikarudi na mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Mkininyima leo, hiyo amani mnaijenga na nani?"

Salama Mkunga hakuinua sauti. Alisema jina lake ni la habari njema baada ya safari ngumu, na hakuna safari ngumu kuliko aliyopita mtoto huyu. Mawifi bado hawamsemeshi. "Pumzi ya kwanza aliyovuta ilikuwa yangu," alisema.

Mama mkwe wa Zamda akamgeukia, akamuuliza jina alimwahidi nani. Zamda akasema aliwaahidi wote watatu, na kila alipoahidi alimaanisha. Mtu mmoja akapendekeza wamtoe kwa pamoja. Nendeni mkaone mlango wa nyumba ya Shamte. Watu hupita mmoja mmoja, tena kwa ubavu.

Basi Zamda akasimama kizingitini na mtoto mikononi, jua likisubiri nje, ngoma zikisubiri fimbo. Alitazama nyuso tatu ambazo, ingekosekana hata moja, asingekuwa na mtoto wa kumtoa. Akavuta pumzi.

"Bi Salama," akaita.

"Bee," wakaitika wote watatu, na mikono sita ikanyooshwa.

Mimi nimefika hapo, na sisogei. Zamda bado amesimama mlangoni, na mtoto anazidi kuwa mzito. Wewe uliyesikia yote, hebu mwambie: amweke mikononi mwa nani?