Abiria wa Kila Jumanne

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Iringa, naye kaletewa na mwenzake wa kwaya. Nilitaka kuisoma nusu niiache, nikajikuta nimesimama mlangoni na viatu mkononi mpaka nikaimaliza. Isome taratibu, halafu mpelekee mtu mmoja tu, yule utakayemkumbuka kwanza.

Palikuwa na kampuni ndogo ya ndege iliyosafirisha watu kati ya Dar es Salaam na miji ya bara. Mwenye kampuni alikuwa rubani mstaafu, Kapteni Nassor Mwinchande, mzee asiyependa maneno mengi.

Siku moja alimwita Tunu Mgaya, dada aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu kushughulikia mambo ya abiria.

"Bi Tunu," akasema, "nimewarusha watu miaka thelathini. Najua walikopandia na najua walikoshukia. Sijui kwa nini wanarudi tena na tena. Kuna ambao hata wiki haipiti. Niulizie."

"Fomu zetu zinauliza, Kapteni. Wengi wanaandika kazi, wengine matembezi."

"Hayo ni majibu ya fomu. Mimi nataka majibu ya watu. Mwezi ujao kuna abiria atatimiza safari ya mia moja na sisi, wa kwanza tangu tuanze miaka miwili iliyopita. Tutamfanyia sherehe ndogo. Siku hiyo utasimama utuambie kwa nini mtu huyu anaruka. Ukisimama ukasema 'kazi', basi na majaribio yako yatakuwa yameishia hapo."

Tunu akaanza na abiria wengine kwanza, ajizoeze kuuliza.

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye alikwenda Mwanza kila baada ya wiki mbili, alimwambia kwamba siku hizi mzigo wake unaweza kwenda bila yeye.

"Sasa unaufuata wa nini, mama?"

Mama akacheka. "Ndani ya ndege simu inazimwa, mwanangu. Saa moja na nusu hakuna anayeniita. Sina mahali pengine pa kuipata hiyo."

Kijana wa benki, aliyeruka kila sikukuu ikiangukia Ijumaa, alisema anapenda kutembea. Tunu akamuuliza safari ya mwisho aliona nini. Kijana akafikiri sana. Alichokumbuka ni picha aliyopiga dirishani, na watu waliomsifu kwa picha ile. Mji wenyewe hakuukumbuka vizuri.

Tunu akaanza kuona utamu wa kazi ile. Ukimuuliza mtu mara moja, anakupa jibu la fomu. Ukimuuliza mara ya pili, ananyamaza kwanza, kisha anakupa jibu jingine kabisa.

Akabaki yule wa safari ya mia.

Alikuwa Mhandisi Ladislaus Mbunda, mtu wa miaka sitini na miwili. Kila Jumanne asubuhi alipanda ndege ya Mwanza, na kila Ijumaa alirudi. Kwenye fomu aliandika: kazi, mitambo ya maji. Wahudumu wa ndege walimpenda kwa upole wake. Lakini mmoja wao alimnong'oneza Tunu jambo.

"Dada, mtazame anavyoshuka. Tukifika Mwanza, yeye ni wa mwisho kuinuka kitini. Tukirudi Dar, magurudumu hayajatulia, yeye keshasimama."

Wakati huo Tunu alikuwa ameshapeleka kadi ya mwaliko nyumbani kwa mhandisi, kwa mkewe, Bi Eufrasia. Alimwomba asimwambie mumewe. Alitaka mhandisi afike kiwanjani Jumanne ya sherehe amkute mkewe amesimama na maua.

Wiki mbili kabla ya sherehe, Tunu akapanda ndege ya Mwanza, akakaa kiti cha pembeni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Unakwenda kikazi?"

"Kikazi."

"Mitambo ya maji?"

"Eeh, mitambo." Akafungua gazeti.

Tunu akaona hana kompyuta, hana faili, hana hata kalamu mfukoni.

Walipofika, mhandisi akawa wa mwisho kushuka, kama Tunu alivyoambiwa. Tunu akaenda mjini kwenye ofisi ndogo ya kampuni, akarudi kiwanjani saa saba mchana kungoja ndege ya kurudi. Kwenye mgahawa wa pale akamkuta mhandisi amekaa na gazeti lile lile. Chai yake ilikuwa imeganda utando juu.

"Mzee, hujaenda kazini?"

Mhandisi akakunja gazeti. Akalikunja tena, na tena, mpaka likawa dogo kama kitabu cha sala.

"Umetumwa na nani?"

"Nilitumwa na Kapteni niulize kwa nini unasafiri. Lakini sasa nauliza mwenyewe."

Mhandisi akaliweka gazeti mezani.

"Mkataba wangu uliisha mwaka jana, mwezi wa tano," akasema. "Hapa Mwanza sina kazi yoyote. Naingia gesti, nasoma magazeti, natembeatembea. Ijumaa narudi."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani wanajua nipo kazini."

Mhandisi mwenyewe akaendelea, kama mtu aliyetua mzigo na sasa anataka kuufungua.

"Miaka ishirini na sita nimekuwa mtu wa njiani. Watoto wamekua nikiwa safarini. Nikirudi Ijumaa ni sikukuu. Kuku anachinjwa, wanangu wakubwa wanakuja, kila mtu anataka kukaa karibu nami. Mkataba ulipoisha sikuwaambia. Nilisema nipo likizo ya wiki mbili. Binti yangu, siku ya tatu hakuna aliyeniuliza kitu. Nyumba ina ratiba yake. Mke wangu, Mama Deo, ana kikundi chake, ana mafundi wake, anajua nani wa kumpigia kila kitu kikiharibika. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu, ya nne, ya kumi, sikupewa jembe. Nikaona nitakuwa mgeni wa nyumba yangu mpaka nife. Jumanne nikasema likizo imekwisha, nikaondoka. Ijumaa nikarudi, kuku akachinjwa."

Akatazama kikombe.

"Wengine wanasafiri ili wafike. Mimi nasafiri ili nipokelewe nikirudi."

Hapo Tunu akaikumbuka ile kadi ya mwaliko.

"Mzee, nisamehe. Nimeshamwalika Mama Deo kwenye sherehe. Na mimi nimeagizwa nisimame niseme sababu ya safari zako."

Mhandisi akafumba macho. "Basi nakuomba kitu kimoja tu. Ukisimama, sema kazi."

Tunu alijua neno hilo litamgharimu nini. Alikuwa na kodi ya nyumba, alikuwa na mama mgonjwa Njombe. Akamtazama yule mzee, akasema, "Nitasema kazi."

Jumanne ikafika. Ukumbi wa abiria ulipambwa, keki ikawekwa mezani, watu kama thelathini wakakusanyika. Bi Eufrasia alisimama mbele, kitenge kipya, maua mkononi. Mhandisi alipomwona, alitabasamu, lakini jasho lilimtoka.

Kapteni akashika kipaza sauti. "Mhandisi wetu leo anatimiza safari ya mia. Bi Tunu, tuambie. Kwa nini anaruka?"

Tunu akakipokea kipaza sauti.

"Kazi," akasema.

Kapteni akageuza shingo polepole. "Kazi tu?"

"Kazi tu, Kapteni."

Watu wakapiga makofi, maana wao hawakujua kitu. Kapteni hakupiga. Bi Eufrasia naye hakupiga. Akamsogelea mumewe, akasema kwa sauti ya chini ambayo waliokuwa karibu waliisikia.

"Baba Deo, huyu binti anasema uongo, na anausema kwa wema. Kazi iliisha mwezi wa tano mwaka jana."

Mhandisi akamgeukia. "Nani kakwambia?"

"Ofisi yenu ilipiga simu nyumbani wiki ile ile, wanakuulizia ukachukue barua zako."

"Umejua muda wote huo?"

"Nimejua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilidhani kukaa na sisi kumekushinda. Nikasema, mtu akiona raha njiani, mwache, mradi Ijumaa anarudi. Wewe ulidhani kuku wale nawachinja kwa sababu umerudi? Nilikuwa nawachinja ili urudi."

Mhandisi akamsogelea hatua moja.

"Nami nilikuwa naondoka ili nipokelewe."

Wakatazamana kama watu waliokutana siku hiyo. Kisha Bi Eufrasia akamkabidhi yale maua, akamshika mkono.

"Leo usipande."

"Begi limeshaingia kwenye ndege."

"Lishushwe."

Begi likashushwa. Wazee wale wawili wakatoka nje ya kiwanja, keki ikaliwa na wafanyakazi, na ndege ya Mwanza ikaondoka ina kiti kimoja kitupu. Safari ya mia haikutimia.

Baadaye Kapteni akamwita Tunu ofisini.

"Ulijua ukweli kabla ya leo?"

"Nilijua tangu wiki mbili zilizopita, Kapteni."

"Na nilikwambia ukisema 'kazi' itakuwaje."

"Uliniambia."

"Sasa umenikosesha jibu, na umenikosesha abiria wangu bora."

"Ndiyo, Kapteni."

Mzee akavuta karatasi na kalamu.

"Kesho njoo uchukue barua ya ajira ya kudumu," akasema. "Mtu akiambiwa siri ya abiria akaitunza hata inapomuumiza, huyo watu watamwambia na nyingine. Hayo ndiyo majibu niliyoyataka."

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja simu ya Tunu ikalia. Alikuwa Mhandisi Mbunda, anaongea kwa kasi kama kijana aliyefaulu mtihani.

"Binti yangu, sasa hivi nimepita sebuleni na matope miguuni. Mama Deo kanigombeza! Kanigombeza mbele ya majirani, kanipa dekio mkononi, kasema nipige deki nyumba nzima."

"Pole sana, mzee."

"Pole ya nini? Miaka ishirini na sita hajawahi kunigombeza hata siku moja. Nilikuwa nakaa siku tatu, angeanzia wapi? Nikimaliza kudeki nakupigia tena."

Simu ikakatika. Tunu akacheka peke yake mpaka wenzake wakageuka kumtazama.

Funzo: Si kila anayekwenda mbali anapenda mbali, wapo wanaoondoka ili wapate mtu wa kuwangoja. Usisubiri mtu wako afunge begi ndipo umwonyeshe kwamba unamhitaji, nawe unayetamani kuhitajiwa, sema ukiwa bado nyumbani.