Karani Aliyethubutu Kumuuliza Mkuu

Kulikuwa na karani mmoja wa shule ya sekondari, mama mpole, mwenye heshima mpaka basi. Mkubwa akikohoa tu, yeye kashasimama! Kwenye kompyuta yake yalikuwamo majina ya watoto wote wa kidato cha nne waliosajiliwa kwa mtihani wa taifa, na neno la siri la kuyafungulia alikuwa nalo yeye peke yake.

Asubuhi moja ikaingia barua pepe ya mkuu wa shule. Anwani ni ya mkuu kabisa. "Nitumie neno la siri la usajili sasa hivi. Niko kikaoni, usinipigie."

Mama wa watu akasita. Akamwonyesha mwenzake wa meza ya pili.

"We dada, tuma!" mwenzake akasema. "Utaanzaje kumhoji mkubwa? Unataka akuone una kiburi?"

Ndugu zangu, ingekuwa sisi, tungetuma au tusingetuma? Msinitazame hivyo. Tungetuma!

Naye alishaanza kuandika. Lakini akawafikiria wale watoto. Neno likifika pasipofaa na jina likafutwa, mtoto hafanyi mtihani. Akainuka, akaenda kubisha hodi kikaoni.

"Shikamoo Mkuu. Samahani sana, ni wewe uliyeniandikia?"

"Marahaba. Mimi? Sijakuandikia kitu!"

Mkuu akaisoma ile barua. Kumbe jana yake naye aliletewa barua yenye jina la afisa elimu, ikimtaka atume neno la siri la barua pepe yake. Akaona, afisa nitamuulizaje? Akatuma. Mwizi akaingia humo na kumwandikia karani kwa jina lake.

"Asante mama," akasema. "Mimi niliogopa kuuliza."

Mnaona, wapendwa? Mwizi hakuvunja kitasa. Alijua tu kwamba sisi hatuwaulizi wakubwa wetu. Tumelelewa kuitika kwanza, na ni jambo jema, silikatai. Lakini mtu anayetaka neno lako la siri harakaharaka, tena hataki kupigiwa, huyo mpigie! Tumia namba unayoijua wewe, siyo aliyoiandika yeye. Mungu mwenyewe tunamuuliza maswali kila siku, mbona hajatufukuza?

Na mimi mchungaji wenu, siku mkipata barua yenye jina langu inayoomba neno la siri, msinipe. Njooni nyumbani mniulize, hata kama nakula. Nitafurahi, maana nitajua leo hamkusinzia.