Kitambaa Juu ya Kompyuta

Hii isome mpaka chini, ndugu yangu, usiruke. Najua mnavyopenda kuruka. Ukimaliza, mpelekee yeyote aliye mbali na mtoto wake, au na mama yake.

Alikuwepo mama mmoja mjini Tanga, akiitwa Bi Mwanakheri. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Shemsa, binti aliyechapa barua za watu kwa kompyuta mchana na kufuma vitambaa jioni. Shemsa akapata kazi Uturuki. Mama hakutaka aende. Walizozana weee, mpaka siku ya safari mama akatamka neno baya:

"Ukivuka mlango huo, kila kilicho chako nakitupa jalalani!"

Shemsa akavuka, analia.

Hasira za mama, jamani! Zilimwisha hata basi halijatoka stendi. Hakutupa hata sindano. Kompyuta ya binti yake akaiweka sebuleni, boksi lake na kioo chake, na juu ya lile boksi akatandika kitambaa cheupe alichokifuma Shemsa, kikaning'inia mpaka nyuma, kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani kwetu. Kila akipita alikigusa. Alimkumbuka mwanawe mpaka chakula hakipiti kooni.

Jirani akamfundisha kupokea simu ya picha kwenye ile kompyuta. Kupokea tu, kupiga hakujua. Basi kila Ijumaa, baada ya alasiri, Shemsa alipiga. Mama aliiwasha mashine tangu asubuhi, asije akachelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna jambo nataka kukwambia..."

Pu! Kompyuta imezima. Mama anabonyeza, anabonyeza tena, mpaka iwake simu hakuna. Na Shemsa hapigi tena siku hiyo. Ijumaa nyingine, hivyo hivyo. Halafu ikaja Ijumaa ambayo hakupiga kabisa. Mama alikaa mbele ya kioo kile mpaka adhana ya magharibi, akaondoka kwenda kuswali huku roho inamuuma. Aliogopa mwanawe ndio anampotea hivyo.

Akamwita fundi Mbaruku. Mama akakikunja kitambaa chake mapema, akakiweka kabatini, mikono ya fundi isije ikakichafua. Mbaruku akafungua boksi.

"Mama, prosesa inachemka. Huu ndio ubongo wenyewe. Simu ya picha inaufanyisha kazi nzito, na joto likizidi inajizima, isije ikaungua."

Akapuliza vumbi, akafunga feni mpya, akapaka prosesa dawa mpya ya kupitisha joto. Mashine ikawaka, ikatulia. Ijumaa ilipofika, Shemsa akapiga, pu! Imezima.

Mbaruku akaichukua kwenda nayo kibandani kwake. Ikafanya kazi kutwa, haina neno. Akairudisha Ijumaa mchana, akakaa nayo, akanywa chai, haina neno.

"Mama, mbona nikiwepo mimi haizimi?"

"Labda inakuonea haya."

Mbaruku akacheka, akaaga. Kufika njiani akakumbuka bisibisi yake ameiacha mezani. Akarudi.

"Hodi!"

"Pita tu, baba. Mwanangu anakaribia kupiga."

Mbaruku akaingia, akasimama.

"Mama, hiki nini juu ya boksi?"

"Kitambaa. Huoni?"

Fundi akapitisha mkono nyuma ya boksi, akautoa haraka. "Lahaula! Mama, hewa ya moto inatokea huku, na wewe umeiziba. Feni inazunguka bure. Hiki kitoke."

"Hakitoki!" Bi Mwanakheri akakishika kwa mikono miwili. "Hiki kakifuma Shemsa. Ndicho ninachokishika nikimkumbuka. Nikikitoa nabaki na nini?"

"Unabaki na Shemsa, mama."

Simu ikaita. Mama akakivuta kile kitambaa, akakiweka mapajani. Mbaruku akachukua bisibisi yake, akatoka taratibu.

Shemsa alisalimia mbiombio, kama mtu anayejua mlango utafungwa sasa hivi. Akauliza hali, akauliza majirani. Kisha akasema:

"Mama, leo hujanikatia."

"Nikukatie mimi? Si hii kompyuta ndiyo inazima!"

"Mimi nilijua ni wewe. Kila nikitaka kukuomba radhi, simu inakatika. Nikasema basi, mama hajanisamehe. Leo nilijiapiza, ukikata sipigi tena."

 Machozi yakamtoka Bi Mwanakheri. Hakuwa na leso karibu, akainua kilichokuwa mapajani akajifuta uso.

Kule Uturuki, Shemsa akasogea karibu na kioo.

"Mama... hicho si kitambaa changu?"

Sasa wewe fikiria. Siku zote kitambaa kilikuwa juu ya mashine, na kamera inamtazama mama peke yake. Mtoto hakukiona hata mara moja.

"Si ulisema utavitupa vyote?"

"Nikitupe?" Mama akacheka katikati ya kilio. "Mwanangu, hiki ndicho kilichokuwa kinakukata."

Wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena. Giza likaingia, simu bado haijakatika.

Funzo: Usikumbatie kumbukumbu ya umpendaye mpaka ukamzibia njia mwenyewe; na kama neno ulilomwambia lilikuwa la hasira tu, mwambie leo, usingoje aje agundue kwa bahati.